Maneno ya Kiingereza cha Kale: "dēor", "sǣdēor" na konokono wa baharini anayetoa rangi

Mpenda Kamusi ameuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Kwa muda sasa nimekuwa nikijisomea Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa Uingereza tangu karne ya 5 hivi hadi muda mfupi baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na nimekwama mahali pawili ambapo kamusi zangu hazitoshi kunikwamua.

Pa kwanza ni neno "dēor". Hili ndilo lililozaa "deer" ya leo, mnyama yule mwenye pembe za matawi ambaye Biblia ya Kiswahili humwita ayala. Lakini katika utenzi wa Beowulf nimekutana na "sǣdēor", na nikilipasua neno hilo napata "bahari" na "ayala". Viumbe hao wanamshambulia shujaa chini ya maji kwa meno yao. Sitaki kuamini kwamba watunzi wa zamani walidhani kuna ayala wanaoishi vilindini, ila sina hoja ya kulipinga jambo hilo.

Pa pili ni neno "weolocrēad". Sehemu yake ya mwisho ina maana ya wekundu, na ya mwanzo, "weoloc", ni yule konokono wa baharini ambaye leo anaitwa "whelk". Ninavyofahamu, konokono huyo hana wekundu wowote, si katika gamba wala katika nyama. Wekundu huo ulitoka wapi? Na nikiwa hapo hapo kwa konokono, naomba pia kufahamishwa iwapo "periwinkle" wa baharini na ua linaloitwa "periwinkle" wana asili moja.

Nitashukuru zaidi kwa majibu yenye mifano kutoka katika maandishi yenyewe, kwa sababu kamusi zinanipa maana bila kunionyesha zilikopatikana.

Mwalimu wa Lugha za Kale amejibu:

Ndugu Mpenda Kamusi, umefanya vyema kukataa kuamini habari ya ayala wa vilindini, na hoja unayoitafuta imo ndani ya utenzi huo huo.

Kwanza maana. Katika Kiingereza cha Kale "dēor" halikuwa jina la ayala, bali la mnyama kwa jumla, hasa mnyama wa mwituni. Lugha zilizo ndugu wa Kiingereza zimeihifadhi maana hiyo mpaka sasa, kwani Mjerumani akisema "Tier" na Mholanzi akisema "dier" wanamaanisha mnyama tu, awe simba au panya. Kwa hiyo "sǣdēor" ni mnyama wa baharini, basi. Katika mstari wa 1510, Beowulf anapozama ziwani kuelekea makao ya mama wa zimwi Grendel, wanyama hao wanamrarua deraya kwa meno ya vita, na hakuna pembe wala kwato inayotajwa. Mapema zaidi, katika mstari wa 558, shujaa anaposimulia shindano lake la kuogelea na Breca, anasema alimuua "meredēor" mwenye nguvu, neno ambalo maana yake haitofautiani na hiyo.

Sasa rudi nyuma kidogo hadi kwenye mistari ya 1368 hadi 1372, ambapo mfalme Hrothgar anamweleza Beowulf ubaya wa ziwa hilo. Anasema kwamba ayala mwenye pembe imara, aliyekimbizwa na mbwa kutoka mbali mpaka akafika ukingoni, ni afadhali autoe uhai wake pale pale ukingoni kuliko kujitosa majini kujiokoa. Neno analolitumia hapo kwa ayala ni "heorot", si "dēor". Mtunzi basi anatuonyesha "heorot" asiyethubutu kuingia katika maji hayo, na baada ya mistari isiyozidi 150 anatuonyesha "sǣdēor" wanaoishi ndani yake. Mtu aliyeyatunga hayo mawili hakuweza kuwachanganya. Kwa maoni yangu huu ni ushahidi mzito kuliko fasiri yoyote ya kamusi, kwa sababu maneno yote mawili yanatoka kwa mtunzi mmoja, yanahusu ziwa moja, na kila moja linafanya kazi yake.

"Heorot" ndilo lililozaa "hart" ya baadaye, na ndilo jina la ukumbi wa Hrothgar mwenyewe. Jike aliitwa "hind", na ayala wa jamii ndogo aliitwa "rā", ambalo leo ni "roe". Majina ya mahali yanathibitisha vivyo hivyo: mtawa Bede, aliyemaliza kuandika historia yake ya kanisa mwaka 731, anaeleza kwa Kilatini kwamba Heruteu, ambako leo ni Hartlepool, maana yake ni kisiwa cha ayala.

Je, "dēor" lilifinyika lini na kwa nini? Badiliko hilo lilichukua karne kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 12 kitabu kiitwacho Ormulum bado kinamwita mwanakondoo "deor" mpole na mtulivu, jambo ambalo lisingewezekana kama neno hilo lingekuwa tayari la ayala peke yake. Lakini dalili za kufinyika zilikwisha kuonekana mapema katika mazungumzo ya uwindaji. Chukua shairi lililoingizwa katika Tarehe ya Waanglo-Saksoni, yaani kumbukumbu ya matukio ya mwaka kwa mwaka, nakala ya Peterborough, chini ya mwaka 1087, ambalo linamshtaki William, mfalme wa Wanormani walioiteka nchi, baada ya kufa kwake. Linasema aliweka "deorfrið" kubwa, yaani hifadhi ambamo wanyama hawakuruhusiwa kuguswa, na akatunga sheria kwamba atakayeua "heort" au "hinde" apofushwe macho. Kisha linaongeza kwamba aliwapenda "headeor", wanyama warefu, kana kwamba yeye ndiye baba yao. Hapo "deor" bado si jina la ayala tu, kwa maana shairi linataja pia nguruwe mwitu miongoni mwa waliokatazwa. Hata hivyo, mnyama anayezungumzwa ni yule anayewindwa na wakubwa, na katika mawindo ya wakubwa ayala ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Wakati huo huo Kifaransa cha Wanormani kilileta neno lililokuja kuwa "beast", likachukua kazi ya kumtaja mnyama kwa jumla. Baadaye "animal" lilitoka Kilatini likaja kuifanya kazi hiyo, ingawa lilikuwa adimu kabla ya mwaka 1600 na halimo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Maana pana ya zamani ilibaki katika vifungu vichache tu. Katika tamthilia ya King Lear, Edgar anayejifanya mwendawazimu anasema kwamba chakula chake kimekuwa panya wadogo, panya wakubwa "and such small deer". Shakespeare alikichukua kifungu hicho kutoka katika hadithi ya zamani ya Bevis wa Hampton, na bila kujua historia ya neno msomaji wa leo atadhani panya wanaitwa ayala.

Msomaji wa Miswada amejibu:

Namshukuru Mwalimu, hasa kwa kuuweka ule mstari wa "heorot" kando ya mstari wa "sǣdēor". Naomba nitie neno juu ya jambo moja. Kusema kwamba "dēor" lilikuwa hasa mnyama wa mwituni ni sahihi kwa maandishi mengi, na neno "wilderness" limetokana na "wild" likiunganishwa na "dēor", kwa maana ya mahali pa wanyama wa mwituni. Lakini kuna maandishi ambayo hayaingii vizuri katika mpaka huo.

Mwishoni mwa karne ya 9 mfanyabiashara wa Norwe aitwaye Ohthere alimtembelea mfalme Alfred, na maelezo yake yakaingizwa katika tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya historia ya Orosius, mwandishi wa Kilatini. Mwandishi anasema kwamba Ohthere alikuwa na "tamra deora" 600 ambao hawajauzwa, yaani "dēor" waliofugwa, kisha anafafanua: "þa deor hi hatað hranas", kwamba watu wa huko waliwaita wanyama hao "hranas". Sita kati yao walikuwa wa thamani kubwa kwa sababu walitumiwa kuwanasa wale wa porini. Wanyama wenyewe ni ayala wa nchi za theluji, ambao kwa Kiingereza cha leo wanaitwa "reindeer".

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuushika mstari huo na kutangaza kwamba hapa "dēor" tayari ni ayala. Sioni kama inalazimu. Mwandishi asingehitaji kuongeza jina "hranas" kama "dēor" lingetosha kumtambulisha mnyama, na asingehitaji kusema wamefugwa kama neno hilo halikuwa likimwelekeza msikilizaji mwituni. Anachofanya ni kuanza na neno pana, kulipa sifa ya kushangaza, kisha kulitaja jina mahususi. Sadfa ya kwamba mnyama huyo ni wa jamii ya ayala isitupotoshe.

Nitaje pia mtego ambao umewanasa wengi. Kuna kivumishi "dēor" katika ushairi chenye maana ya shujaa au mkali, na kuna "dēore" lenye maana ya ghali au mpendwa, ambalo leo ni "dear". Ukikuta "dēor" katika ubeti, tazama kwanza linakaa wapi katika sentensi kabla hujamwingiza mnyama yeyote.

Kuhusu kufinyika kwa maana, jambo hili halikulipata "dēor" peke yake. "Fugol" lilikuwa ndege yeyote, leo "fowl" ni kuku na jamii yake. "Hund" lilikuwa mbwa yeyote, leo "hound" ni wa kuwindia. Na "venison", lililoingia kutoka Kifaransa likiwa na asili ya kitenzi cha Kilatini cha kuwinda, lilikuwa nyama ya mnyama yeyote aliyewindwa, nalo pia likaishia kuwa nyama ya ayala. Maneno mawili ya asili tofauti yalivutwa upande mmoja na shughuli ile ile, na kwangu hilo linaipa nguvu hoja ya Mwalimu kuhusu uwindaji.

Mtia Rangi amejibu:

Nami nijibu la pili, kwa kuwa rangi za vitambaa ndiyo shauku yangu.

Ndugu Mpenda Kamusi, ni kweli kwamba huuoni wekundu ukimtazama konokono mwenyewe. Umejificha katika tezi iliyo chini ya gamba, na hata humo bado haujawa wekundu. Katika mwambao wa Uingereza anayehusika zaidi ni konokono mdogo wa miambani ambaye wanasayansi wanamwita Nucella lapillus. Ukilivunja gamba lake kwa uangalifu unauona mshipa mweupe-mweupe wenye ute. Ute huo ukipakwa kwenye kitambaa cha kitani na kuwekwa juani, unageuka kijani, kijani kinakolea, kinaingia ubuluu, halafu unatulia katika zambarau yenye wekundu. William Cole wa Bristol aliyaeleza mabadiliko hayo hatua kwa hatua katika barua iliyochapishwa mwaka 1685 katika jarida la kisayansi la Philosophical Transactions, na hakusahau kutaja harufu kali inayotoka wakati jua linafanya kazi yake. Kilichomvuta ni habari kwamba kulikuwa na watu waliojua kutia alama kwenye vitambaa vya kitani kwa ute huo.

Sasa maandishi. Bede, katika sura ya kwanza kabisa ya historia yake, anaposifu mali za kisiwa cha Britania, anasema kuna konokono tele ambao kwao hutengenezwa rangi nyekundu, na kwamba uzuri wake haupaushwi na ukali wa jua wala kuharibiwa na mvua. Bali kadiri inavyozidi kuzeeka ndivyo inavyozidi kupendeza. Tafsiri ya Kiingereza cha Kale, iliyofanywa takriban wakati wa Alfred, inawaita konokono hao "weolocas", na rangi inaiita "se weolocrēada tælgh". Hapo ndipo neno lako linapoishi, na mantiki yake iko wazi mbele yako: konokono anatajwa, kisha rangi inatajwa kwa jina lake. Kuna pia "weolocbasu", ambamo "basu" ni zambarau au nyekundu iliyoiva, na kuna "wurma", linalotumika kwa konokono wa rangi na pia kwa rangi yenyewe.

Utauliza kwa nini ni "nyekundu" na si "zambarau". Bede kwa Kilatini aliandika rangi ya "coccineus", yaani nyekundu kali, na mfasiri alimfuata. Zaidi ya hapo, "rēad" ya wakati ule ilienea mbali kuliko "red" ya leo, kiasi kwamba dhahabu nayo ilisifiwa kuwa "rēad". Kwa hiyo ningekushauri usilazimishe jina moja la rangi unapofasiri. "Rangi nyekundu ya konokono" inatosha, na maelezo yanaweza kusema kwamba iliingia katika zambarau.

Niongeze tahadhari moja. Sura hiyo ya Bede imeazima mengi kutoka kwa waandishi waliomtangulia, hivyo sentensi yake peke yake haithibitishi kwamba kila kijiji cha pwani kilikuwa na karakana ya rangi. Kazi hiyo ni ya kuchosha mno. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alipotaka kuichunguza zambarau maarufu ya mji wa kale wa Tiro, ambayo hutolewa na konokono wa Bahari ya Kati wa jamii iyo hiyo, aliwatumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za rangi safi. Lakini mfasiri wa Bede hakuonekana kubabaika alipohitaji neno. Alikuwa na "weoloc" mkononi na alikuwa na "weolocrēad", na hilo linaonyesha kwamba wazo la rangi kutoka kwa konokono halikuwa geni kwa wasomaji wake.

Kuhusu umbo la neno, herufi "h" katika "whelk" si ya asili. Iliingia mwishoni mwa Zama za Kati, na pengine ilichangiwa na neno jingine, "whelk" lenye maana ya chunusi.

Mpenda Kamusi ameandika:

Nawashukuru sana. Habari ya ayala anayechagua kufa ukingoni imenifungua macho, na nimeurudia ukurasa huo kwa furaha. Limebaki lile la "periwinkle", na sasa limeongezeka jingine: nimeona "sǣsnægl", ambalo kwa sehemu zake ni "konokono wa bahari" moja kwa moja. Je, hilo ndilo lilikuwa jina la jumla la konokono hawa wote?

Msomaji wa Miswada amejibu:

La, na hapa tahadhari uliyoichukua kwa "sǣdēor" itakufaa tena. "Snægl" ni konokono, na "sǣ" ni bahari, lakini katika orodha za maneno ya Kilatini na Kiingereza "sǣsnægl" linawekwa kama fasiri ya "testudo", neno la Kilatini la kobe. Aliyeliandika alikuwa akimtafutia jina mnyama mwenye nyumba yake mgongoni, na akamwazima konokono. Kwa hiyo usilitumie kama jina la jumla.

Konokono anayeliwa anatokea mahali pengine. Ælfric, mtawa aliyeishi takriban mwaka 955 hadi 1010, aliwaandikia wanafunzi wake mazungumzo ya Kilatini ambamo kila mwenye kazi anaulizwa anachofanya. Katika muswada mmoja mtu mwingine aliongeza Kiingereza cha Kale juu ya mistari. Mwindaji anasema anakamata "heortas", nguruwe mwitu, "rann" na "rægan" (ayala wa jamii ndogo), na mara nyingine sungura. Angalia kwamba hasemi "dēor" anapomtaja ayala. Mvuvi, akiulizwa anachopata baharini, anataja chaza, kaa na kome, na baada ya kome linakuja neno "winewinclan" juu ya Kilatini "torniculi".

Neno hilo limewatesa wahariri kwa sababu ya herufi moja. Waandishi wa wakati ule waliiandika sauti ya "w" kwa herufi iitwayo "wynn", yenye umbo hili: ƿ. Ina mguu mrefu na tumbo upande wa kulia, na mkono ukiteleza kidogo haitofautiani na "p". Mahali pengine neno linasomeka "pinewincle", na wahariri wengi wanaliona hilo kuwa ndilo umbo la asili, kwa kuwa "pine" inaelezeka kutokana na Kilatini "pina", jina la kome, na "wincle" inahusiana na neno la kona au kitu kilichopinda, sifa inayolifaa gamba la konokono. Kwa maelezo hayo, "winewincle" ni kosa la kunakili. Nakubaliana nao, ila ukinukuu muswada wa mazungumzo ya Ælfric andika kilichomo, kisha weka masahihisho kando.

Ua ni habari nyingine kabisa. Jina lake lilikuwa "perwince", kutoka Kilatini "pervinca", na asili yake haikutani na ya konokono popote. Majina hayo mawili yalikaribiana baadaye, na inaelekea jina la ua ndilo lililomvuta konokono akapata "peri-" mwanzoni mwa jina lake katika karne ya 16. Wauzaji na walaji wake wakalifupisha kuwa "winkle".

Mwalimu wa Lugha za Kale amejibu:

Naafiki yote hayo. Ndugu Mpenda Kamusi, ukitaka kuendelea peke yako, chukua mazungumzo hayo ya Ælfric uyasome yote pamoja na Kilatini chake, kwa sababu ni mafupi na kila jina la mnyama limekaa juu ya mwenzake. Baada yake soma maelezo ya Ohthere. Kwa fasiri yako ya Beowulf, "sǣdēor" uliandike "wanyama wa baharini" katika mstari wa 1510, na "heorot" katika mstari wa 1369 uliandike "ayala", ili msomaji wako wa Kiswahili aone kwamba mtunzi alitumia maneno mawili kwa viumbe wawili.